Kupasuliwa Jicho Ukiwa Macho Siyo Dharau. Dharau Iko Kwingine

Wiki iliyopita msee mmoja aliniachia komenti ndefu chini ya video yangu ya macho. Naifupisha: "Kwa nini watu wa Turkana wanapasuliwa macho wakiwa hawajalala, juu ya meza ya dispensari, kama mbuzi? Nairobi wangelazwa usingizi vizuri. Hiyo ganzi ni dawa ya maskini." Komenti ikapata laiki nyingi kushinda video yenyewe.

Sikumjibu siku hiyo. Nilikuwa na hasira, na nimejifunza kutojibu mtu nikiwa na hasira. Leo nimetulia na bando ipo, basi tuongee.

Kwa wageni wa hii kurasa: mimi ni mtoto wa Kakuma mjini, sasa naishi Lodwar. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na kazi yangu ni video. Mimi si daktari na sijifanyi daktari. Lakini kwa hii stori ya macho nimetia mkono tangu nikiwa na miaka saba, na sisemi kwa mafumbo. Mkono huu huu.

Jioni, mbuzi wakisharudi, kazi yangu ilikuwa kumng'oa nyanya yangu nywele za kope. Kwetu nyanya tunamwita Ata. Alikuwa na kibano kidogo cha chuma, amekifunga shingoni pamoja na shanga. Anaweka kichwa kwenye paja langu kabla jua halijazama, nageuza kope kwa kidole, natafuta ile nywele inayoingia ndani. Mimi ndiye nilikuwa na macho makali nyumbani, kwa hivyo kazi ilikuwa yangu. "Toa ingine, mjukuu wangu, hiyo bado inanikwaruza." Natoa. Baada ya siku kadhaa zimeota tena, fupi, ngumu, zinachoma zaidi.

Nilidhani ni uzee. Karibu kila nyanya niliyemjua alikuwa na kibano, kwa hivyo nikaona ni kitu cha nyanya tu, kama fimbo ya mzee.

Siyo uzee. Inaitwa trakoma, wengine huita vikope. Ni bakteria. Unaipata ukiwa mtoto mdogo, mara nyingi hadi huihesabu tena: kwa mikono, kwa leso moja inayofuta nyuso za watoto watano, na kwa nzi. Kuna nzi wa aina moja anayependa unyevu wa macho ya watu, na huyo huyo hupenda kutaga mayai kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi. Sasa unganisha mwenyewe choo na jicho.

Ukiambukizwa tena na tena, upande wa ndani wa kope unafanya makovu. Kovu linavuta. Miaka inapita, kope linajikunja kuelekea ndani, na nywele zinaanza kukwaruza kioo cha jicho kila unapopepesa. Jaribu kuhesabu unapepesa mara ngapi kwa dakika moja tu. Halafu weka mchanga wa Lodwar na upepo wake juu ya hiyo hesabu. Mwisho kioo kinapata weupe, na ule weupe wa trakoma haurudi nyuma.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema wanawake hupofuka kwa huu ugonjwa hadi mara nne kuliko wanaume. Sababu si siri: wao ndio wanashinda na watoto. Wanaambukizwa na wale wale wanaowapangusa macho. Yaani mama anamfuta mtoto, na miaka arobaini baadaye anailipia na jicho.

Ngoja niseme kitu hapa, kwa sababu inboksi yangu imejaa watu wanaouliza kuhusu machozi. Machozi yanayotiririka bila kulia yana sababu nyingi. Moja ni hizi nywele zinazokwaruza. Nyingine ni ule mfereji mdogo unaopeleka machozi kutoka jichoni hadi puani, ukiziba. Huo pia hufanyiwa operesheni, daktari anafungua njia mpya kuingia puani, na mtu mzima anaweza kufanyiwa kwa ganzi bila kulazwa usingizi. Lakini hiyo ni kazi ya daktari bingwa, na kwa wengi wetu huku hiyo inamaanisha safari ya kwenda mbali. Ya nywele za kope ni tofauti. Hiyo muuguzi aliyesomea kazi hiyo anaweza kuifanya Kakuma, Lodwar, au kwenye dispensari yenye meza, mwanga mzuri na vifaa safi. Kwa hivyo usikae nyumbani ukibahatisha. Nenda ukaangaliwe ujue yako ni gani.

Sasa turudi kwa bwana komenti na ganzi yake ya maskini.

Buda, unajua ganzi ya aina hii ilianzia wapi? Ilianzia jichoni. Mwaka 1884, mjini Vienna, kijana mmoja anaitwa Karl Koller, miaka 26, alikuwa anatafuta njia ya kupasua jicho bila kumlaza mtu. Wakati huo walikuwa wanatumia etha, na mgonjwa akiamka anatapika, na kutapika siku moja na operesheni ya jicho ni njia ya kuharibu kila kitu. Koller akajaribu matone ya kokeini. Akajiwekea mwenyewe, akasimama mbele ya kioo, akagusa jicho lake na kichwa cha pini. Hakusikia kitu. Mwezi wa tisa mwaka huo ugunduzi wake ulisomwa mbele ya mkutano wa madaktari wa macho kule Heidelberg, na aliyeusoma ni mtu mwingine, kwa sababu Koller mwenyewe hakuwa na nauli ya kufika. Kijana, mfuko mtupu, amebadilisha upasuaji wa dunia nzima. Baadaye dawa salama zaidi zikapatikana. Hii lignokaini wanayotumia huku ilitengenezwa Sweden mwaka 1943.

Kwa hivyo hapana, ganzi haikubuniwa kwa ajili ya mbuzi wala kwa ajili ya maskini. Ukienda hospitali ya kibinafsi Nairobi leo kutoa mtoto wa jicho, kwa kawaida watakupa ganzi. Ukienda London, ganzi. Tajiri naye anapasuliwa akiwa macho, tofauti yake ni kiti cha kungojea.

Na kuna sababu. Kumlaza mtu kabisa, ile nusukaputi, inataka mtaalamu wa kulaza, mashine, oksijeni, thieta, stima isiyopotea, na mtu wa kumchunga hadi aamke. Inataka moyo na mapafu yanayohimili, na tunaongea kuhusu wazee. Sindano ya ganzi inalaza kope tu. Mgonjwa anabaki na akili yake, anaweza kuambiwa "angalia chini" akaangalia, anaweza kusema "hapo nasikia uchungu" akaongezewa dawa. Kama dakika 20 kwa kope moja, anainuka, anaenda nyumbani siku hiyo hiyo. Tukisema tungoje thieta kubwa na nusukaputi kwa kila nyanya wa Turkana, tunasema wapofuke kwa heshima. Asante, hatutaki hiyo heshima.

Lakini yule msee alinusa kitu. Alinusa dharau, na dharau ipo. Alichokosea ni kuitafuta kwenye sindano. Wacha nimwonyeshe mahali inakaa, na nianze kwa nyumba yangu.

Mwaka jana kulikuwa na zoezi la macho kwenye dispensari moja nje ya mji. Nikaenda na simu na ile stendi yangu. Nikapiga video nyanya mmoja akidungwa sindano, nikavuta karibu kabisa hadi mkono wake unaotetemeka, nikaweka kinanda cha huzuni chini yake. Watu 80,000 wakaitazama. Sijawahi kufika hapo kabla wala baada ya hapo. Nililala nikiwa nimeshiba.

Krismasi nikaenda kumwona Ata, kijijini, mbele ya Kakuma. Nikamwonyesha ile video kwa majivuno. Akachukua simu, akaisogeza karibu na uso, halafu akaihamisha upande wa kulia.

"Huku kushoto naona mwanga tu," akasema.

Nikaangalia jicho la kushoto. Nyeupe. Nilikuwa nimewaonyesha watu 80,000 nisiowajua kwamba hii kitu inatibika, na mtu mmoja niliyekuwa namng'oa nywele za kope kwa mkono wangu sikuwa nimemwambia. Wala sikuwa nimemwangalia, miaka miwili nzima, mbali na kumsalimia kwa simu na kumtumia doo kidogo.

Nikamuuliza kwa nini hakwenda. Kumbe gari lenye spika lilishawahi kupita, likatangaza operesheni ya macho bure. Yeye alichosikia ni kupasuliwa jicho. Jirani akamwambia jicho hutolewa nje, likaoshwa, likarudishwa. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza kwa Kiturkana. Na hata angekubali, nani angemshika mkono njiani? Nani angebaki na mbuzi? "Nyinyi vijana mko Lodwar," akasema. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliuma.

Basi hii ndiyo orodha yangu ya dharau.

Ya kwanza ni kutomweleza mtu. Watu wanasema wazee wetu ni waoga au wameshikilia mila. Uongo. Mwezi wa pili nilimpeleka Ata mwenyewe, nduthi kwanza, halafu gari. Muuguzi aliyetupokea alikaa chini kwenye benchi karibu naye, akaongea naye kwa Kiturkana: "Ata, nitakudunga hapa kwenye kope. Itauma kidogo kama mwiba wa mgunga, halafu itakufa ganzi. Jicho lako silitoi, nalishona kope tu ili nywele zitazame nje. Utasikia nikigusa lakini uchungu hutasikia. Ukisikia, sema." Dakika tano za maneno. Ata aliyeogopa miaka yote hiyo akapanda mezani mwenyewe. Katikati ya operesheni alikuwa anauliza kama itaisha kabla ya gari ya kurudi. Uoga ulitoka wapi na ulienda wapi? Ulikuwa ni ukosefu wa hizo dakika tano.

Ya pili ni kuhesabu operesheni na kusahau watu. Operesheni haiishi kitambaa kikifungwa. Kesho yake kitambaa kinatolewa na jicho linaangaliwa. Kama nyuzi si za kuyeyuka, wiki moja au mbili baadaye zinatolewa. Miezi mitatu hadi sita anafaa kuangaliwa tena, kwa sababu nywele zinaweza kurudi kuingia ndani, na hilo hutokea hata kazi ikiwa nzuri. Sasa gari la zoezi likishaondoka na picha ya pamoja ikishapigwa na bango limeshakunjwa, nani anarudi? Mnatuletea takwimu za waliopasuliwa. Tuleteeni za waliorudiwa.

Ya tatu ni maji, na hapa sitaongea polepole. Dunia ina mpango wa trakoma unaoitwa SAFE, herufi nne. Ya kwanza ni upasuaji. Ya pili ni dawa, azithromaisini, ile wanayogawa kijiji kizima wakikupima urefu na mti wa kipimo. Ya tatu ni kuosha uso. Ya nne ni mazingira: maji na vyoo. Herufi mbili za kwanza zina magari, fulana na wafadhili. Mbili za mwisho zinataka serikali, na ndizo zinazochechemea. Unamwambia mama aoshe nyuso za watoto sita, na mtungi wa lita 20 ameubeba kichwani kutoka mto mkavu alikochimba mchanga. Atapikia nini? Wewe ungeosha uso?

Tumeona mengi hapa. Mwaka 2012 mafuta yakapatikana Ngamia 1. Mwaka 2013 tukatangaziwa maji mengi chini ya Lotikipi, dunia nzima ikaandika, baadaye vipimo vikasema yana chumvi nyingi. Mwaka 2018 malori yakaanza kubeba mafuta kutoka Lokichar hadi Mombasa. Lori lilipata njia ya kutoa mafuta kilomita zaidi ya elfu moja, lakini bomba la kuleta maji shuleni bado ni ahadi ya kampeni. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema maji safi ya kutosha ni haki, na afya ni haki. Haijasema haki isipokuwa ukiwa kaskazini. Tukipasua nyanya bila kumpa mjukuu wake maji ya kuosha uso, tunaandaa mgonjwa wa mwaka 2065. Na tafadhali msianze ile kelele ya kulaumu wakimbizi. Trakoma ilikuwa Turkana kabla kambi ya Kakuma haijafunguliwa 1992, na bakteria hawaulizi kitambulisho. Mtoto wa Kalobeyei na mtoto wa kijiji jirani wanagawana nzi wale wale.

Na msiniambie haiwezekani. Ghana ilithibitishwa na WHO mwaka 2018 kwamba imeondoa trakoma kama tatizo la afya ya umma. Gambia 2021. Malawi 2022. Malawi haina mafuta. Malawi si tajiri kutushinda. Waliamua kufanya herufi zote nne.

Ya nne ni sisi wenye kamera. Mimi wa kwanza. Tunakuja Turkana, au tunatoka hapa hapa Turkana, tunapiga picha jicho linalotoa machozi, tunaweka kinanda, tunaandika "inasikitisha". Hatuandiki kwamba ni kama dakika 20. Hatuandiki aende wapi, aulize nini, nani ampeleke. Tunauza uchungu kwa sababu maelezo hayapati laiki. Ile video yangu ya 80,000 nimeifuta jana. Yule nyanya sikuwahi kumuuliza kama anakubali, na kusema ukweli hata jina lake sikuuliza.

Kwa hivyo bwana komenti, tuko pamoja kwa hasira, tumeachana kwa anwani. Usiitupie ganzi. Itupie bajeti ya maji. Itupie spika inayotangaza kwa lugha isiyoeleweka. Itupie kalenda isiyo na siku ya kurudi. Ukibaki na hasira, nitupie mimi, nastahili kiasi.

Na nyinyi wengine mnaosoma hii mkiwa Lodwar, Kitale, Eldoret, Nairobi, mna nyanya. Wikendi hii piga simu nyumbani, uliza kitu kimoja tu: "Unang'oa nywele za kope?" Akisema ndiyo, usimtumie doo ukakaa. Uliza hospitali iliyo karibu ni lini mtu wa macho yupo. Tafuta wa kubaki na mbuzi. Nenda naye. Mwambie muuguzi aeleze kwa lugha ya nyumbani kabla ya sindano, na akikimbia kimbia, mwambie tena kwa heshima. Kabla ya kuondoka, uliza tarehe ya kurudi na uiandike kwa simu yako, kwa sababu simu ndiyo haikutoki mkononi. Hiyo ndiyo kazi. Hakuna mtu ataikupigia makofi.

Ata alifunguliwa kitambaa kesho yake asubuhi. Akapepesa mara moja, akangoja. Akapepesa tena. "Haikwaruzi," akasema, kama mtu anayeshuku ametapeliwa. Kope la kushoto pia lilishonwa ili uchungu uishe, lakini kuona kwa upande huo hakutarudi, na hilo nitaishi nalo. Jicho la kulia linaona mbuzi, na linaniona mimi.

Kibano bado kiko shingoni. Nilimwambia akitupe, akakataa, akasema jirani yake bado anakihitaji. Jirani yule yule wa jicho linalooshwa na kurudishwa.

Jumamosi ijayo naenda kumchukua huyo jirani. Nimeshaongea na watu wawili wa nduthi. Bwana komenti, ya pili ina nafasi.